Tanuri la Gesi Linapochoma Kisu kwa Mabaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafua Visu wa Nairobi

Karibu kila anayejitengenezea tanuri la gesi nyuma ya nyumba, awe Kasarani, Rongai au Utawala, hufika kwenye maswali haya. Amechomelea ganda, ametandika sufi ya kauri, amewasha, kisha kisu kinatoka na doa jeupe katikati huku ncha na msuka (mkia unaoingia kwenye mpini) vikiwa bado vyeusi. Majibu yafuatayo yanachukulia kwamba una tanuri la kawaida: ganda la chuma lenye kipenyo cha sentimita 25, sufi ya unene wa sentimita 5 kuzunguka ndani, urefu wa sentimita 30, na bana (kichomeo cha gesi) moja ya bomba la inchi 3/4 inayovuta hewa yenyewe bila feni. Ukibaki na chemba, yaani nafasi ya ndani, ya sentimita 15 kwa 30, una lita 5 na kitu, na hicho ndicho kipimo ambacho bana moja ya ukubwa huo hukimudu vizuri.

Wengi wakiona mabaka hukimbilia kuongeza moto. Mara nyingi moto unatosha. Ila hauendi unakotakiwa kwenda.

## Misingi

1. Nitajuaje kwamba tatizo ni tanuri na si kisu changu?

Washa tanuri likiwa tupu, liache hadi kuta zing'are, kisha chungulia ndani ukiwa kivulini. Jua la saa nane mchana hudanganya macho: chuma chenye rangi ya chungwa huonekana chekundu hafifu, nawe unaongeza gesi bila sababu. Vaa miwani ya kuchomelea kwa gesi, yenye kioo cha giza la nambari 3 hadi 5, kwa sababu mng'ao wa chemba huumiza macho polepole na mtu hagundui mapema.

Kuta zikionyesha ukanda mweupe chini ya bana na wekundu hafifu pembeni, umeshapata jibu la kwanza. Kisha chukua kipande cha chuma bapa chenye unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kirefu kama chemba, ukiingize na usikisogeze. Kitoe baada ya dakika chache ukiangalie gizani. Kikiwa na mabaka, tatizo ni tanuri. Kikiwa na rangi moja kote lakini kisu chako kinatoka na mabaka, tatizo ni umbo la kisu au namna unavyokishika. Ruka hadi swali la 16.

Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Ni la bure na humwokolea mtu pesa nyingi za jeti (kipande chenye tundu dogo la kutolea gesi ndani ya bana), regyuleta na bana za ziada.

2. Tofauti ya joto kiasi gani inakubalika?

Inategemea kazi. Ukiwa unafua, chuma cha kaboni hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 950 na 1,150 hivi za Selsiasi, yaani kutoka rangi ya chungwa hadi kukaribia njano. Tofauti ya nyuzi 50 au hata 100 kati ya pande mbili haikuzuii kufanya kazi, kwa kuwa hata hivyo unafua sehemu ndogo kwa wakati mmoja.

Wakati wa kukaza kisu, yaani kukipasha joto kisha kukichovya kwenye mafuta ili kiwe kigumu, mambo hubadilika kabisa. Springi za lori na matatu mara nyingi ni za familia ya 5160 au SUP9 (majina ya aina za chuma cha springi), na hizo huhitaji karibu nyuzi 830. Sehemu isiyofika haitakazika. Sehemu iliyopita sana itakuwa na chembe kubwa ndani na kuvunjika kirahisi. Hapo ndipo doa moja jeupe linapoharibu kazi ya siku nzima.

3. Nisubiri muda gani kabla ya kuingiza chuma?

Tanuri la sufi: dakika 10 hadi 15. Tanuri la matofali mazito ya moto: nusu saa au zaidi, kwa sababu tofali zito hunywa joto jingi kabla ya kulirudisha.

Sababu ya kusubiri ni kwamba mwanzoni joto lote hutoka kwenye mwali wenyewe, nao unapiga mahali pamoja. Kuta zikishawaka, zenyewe zinakuwa chanzo cha joto, na joto hilo hutoka pande zote. Asilimia kubwa ya malalamiko ya mabaka ni ya watu walioingiza chuma dakika ya tatu.

## Gesi na mtungi

4. Mbona tanuri huanza vizuri, halafu baada ya nusu saa moto unafifia na rangi inabadilika?

Gusa mtungi. Ukiwa baridi sana, una umande au barafu sehemu ya chini, basi mtungi wenyewe ndio unaochoka.

Gesi ya kupikia tunayonunua ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani huchemka karibu na sifuri yenyewe. Unapovuta gesi, kimiminika kilicho ndani hugeuka kuwa mvuke, na kazi hiyo hula joto la mtungi. Jiko la nyumbani huvuta kidogo, kwa hiyo mtungi hupata nafasi ya kurudisha joto kutoka hewani. Bana ya tanuri inaweza kula kama kilo moja kwa saa, na mtungi mdogo hauwezi kufuata mwendo huo. Propani ndiyo hutangulia kutoka, kwa hiyo kadiri mtungi unavyokwisha, kilichobaki kinakuwa butani zaidi. Kwenye nyuzi 20 butani tupu husukuma kwa takriban bar moja tu juu ya shinikizo la hewa, na asubuhi ya Julai Nairobi inapokuwa na nyuzi 12 husukuma kidogo zaidi ya nusu yake.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalitaji. Ujazo mmoja wa propani unahitaji takriban ujazo 24 wa hewa ili uungue wote. Butani inahitaji 31. Bana uliyoirekebisha vizuri mtungi ukiwa umejaa itakuwa na upungufu wa hewa mtungi ukikaribia kwisha, hata kama hukugusa chochote. Moto unakuwa mrefu, unafuka nje, na chemba inapoa katikati huku ukidhani jeti imeziba.

Dawa ni hizi, kuanzia rahisi zaidi. Tumia mtungi wa kilo 13 badala ya wa kilo 6, na kazi ya kukaza visu uifanye ukiwa na gesi ya kutosha, si ya mwisho wa mtungi. Simamisha mtungi ndani ya karai la maji ya vuguvugu, maji ambayo mkono wako unaweza kukaa ndani bila shida. Maji yanayochemka, moto wa mkaa au jua kali la juu ya bati ni marufuku. Ukiona bado haitoshi, mwombe fundi wa gesi aliyesomea kazi hiyo aunganishe mitungi miwili kwa vali zinazozuia gesi kurudi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine.

5. Naweza kutumia regyuleta ya jiko la nyumbani?

Hapana. Ile hushusha shinikizo hadi karibu milibar 30, na bana inayovuta hewa yenyewe inahitaji kati ya bar 0.2 na 1.5. Kwa milibar 30 mwali hautavuta hewa ya kutosha, utakuwa wa njano na utarudi ndani ya bomba (swali la 9). Tafuta regyuleta ya shinikizo la juu, inayorekebishika, yenye geji (kipima shinikizo), pamoja na paipu iliyotengenezwa kwa shinikizo hilo. Kutoboa au kulazimisha regyuleta ya jiko ni jambo ambalo hakuna fundi makini atakayekubali kukufanyia.

Geji ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bila namba huwezi kujua kama leo tanuri limebadilika au wewe ndiye uliyefungua vali zaidi. Andika kwa chaki ukutani shinikizo ambalo tanuri lilifanya kazi vizuri.

6. Nimefuata mchoro wa intaneti neno kwa neno, jeti ya tipu ya MIG (ncha ya mashine ya kuchomelea kwa waya) ya 0.9, lakini moto wangu ni wa njano na ulimi unatoka mlangoni. Kwa nini?

Michoro mingi imeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Bana inavuta hewa nyepesi, yenye oksijeni pungufu kwa kila lita, huku gesi ikitoka kwa wingi ule ule. Matokeo yake ni gesi kuzidi.

Shuka jeti moja. Ukitoka tipu ya MIG ya waya wa 0.9 hadi ya 0.8, eneo la tundu linapungua kwa karibu asilimia 20, nalo linakaribiana na upungufu wa hewa yetu. Usishangae tundu likipimwa na kuonekana kubwa kuliko namba iliyoandikwa: namba ni ya waya unaopita, na tundu huachwa kubwa kidogo. Jeti ndogo ikisukumwa kwa shinikizo la juu kidogo huvuta hewa vizuri zaidi kuliko jeti kubwa iliyofunguliwa kidogo.

Kwa maoni yangu hili ndilo rekebisho lenye faida kubwa kuliko yote kwa mtu wa Nairobi, na tipu zenyewe utazipata kwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya kuchomelea, Industrial Area au kwingineko.

7. Gesi ikikaribia kwisha, naweza kulaza mtungi au kuupindua?

Usijaribu. Mtungi ukilala, kinachotoka ni kimiminika badala ya mvuke. Tone la kimiminika hutanuka zaidi ya mara 200 likigeuka gesi. Moto utafoka ghafla nje ya tanuri na regyuleta inaweza kuharibika. Mtungi husimama wima wakati wote.

## Bana na mwali

8. Mwali unaegemea upande mmoja na ukuta wa upande huo unaungua zaidi. Nifanyeje?

Jeti haitazami katikati ya bomba. Huenda uzi wake ulikatwa kwa pembe, au tundu lina ukingo uliobaki baada ya kutobolewa. Zima, funga mtungi, fungua bana, kisha unganisha mpira wa maji mahali pa gesi na usukume maji kupitia jeti. Uzi wa maji unapaswa kutoka mdomo wa bomba bila kugusa ukuta. Ukigusa, unajua upande wa kurekebisha. Kausha kila kitu kabisa kabla ya kurudisha gesi, na ukishafunga pima viungo vyote kwa povu la sabuni.

Ukingo wa tundu huondolewa kwa sindano ya kusafishia jeti au kwa kusugua uso wa tipu kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo. Usiingize msumari, utapanua tundu na kurudi kwenye tatizo la swali la 6.

9. Moto unarudi ndani ya bomba na kuvuma kama lori. Ni hatari?

Ndiyo. Funga gesi mara moja, kwanza kwenye mtungi. Bomba linalochomeka kwa ndani hupata joto, na bomba la moto hurahisisha moto kurudi tena, kwa hiyo liache lipoe kabisa.

Sababu za kawaida ni shinikizo dogo mno, mdomo wa bana ulioungua na kupanuka, jeti iliyopinda (swali la 8), au tanuri lililozimwa bila bana kuondolewa, joto la chemba likapanda kupitia bomba kama dohani. Kwa hilo la mwisho, ziba tundu la hewa mara tu unapozima.

10. Moto mzuri una rangi gani?

Ndani ya chemba, mwali wa buluu ulio mfupi na imara mdomoni pa bana, kisha karibu usionekane kwa sababu kuta zinang'aa. Mlangoni, ulimi mdogo wa buluu au chungwa hafifu, wa sentimita chache hivi.

Ulimi mrefu unaotoka nje maana yake ni kwamba gesi inaenda kuungulia uani badala ya ndani. Chemba inakuwa baridi nyuma na moto mlangoni, na hilo ni chanzo cha mabaka ambacho wengi hukisifu kwa kuwa kinapendeza kwenye picha. Fungua choki (kizibo cha kurekebisha hewa inayoingia kwenye bana) au punguza jeti. Kinyume chake, kama hakuna ulimi kabisa na chuma kinatoka na magamba mengi mazito, hewa imezidi. Oksijeni ya ziada inakula chuma chako na hewa hiyo ya bure inapoza chemba. Kwa visu, simamia upande wa gesi kuzidi kidogo sana. Ila kumbuka kwamba moto wa namna hiyo hutoa monoksidi ya kaboni. Soma swali la 20.

11. Niongeze bana ya pili?

Kabla ya hapo, fupisha chemba. Weka tofali la moto nyuma na lingine mbele, uone kama mabaka yamepungua. Watu wengi wana tanuri la sentimita 45 ilhali wanafua visu vya jikoni vya sentimita 20.

Kama chemba yako imezidi lita 6 na kweli unahitaji urefu huo, basi bana mbili ni halali, lakini zinaleta tatizo jipya la usawa. Lazima jeti ziwe za ukubwa mmoja kutoka pakiti moja, bomba linalozigawia gesi liwe pana, na kila bana iwe na vali na choki yake. Iliyo nyuma kwa kawaida hukosa hewa safi kwa sababu inavuta moshi unaopanda kutoka mlango wa nyuma. Washa moja moja, sikiliza kila moja, halafu ziwashe pamoja na urekebishe hadi sauti zifanane.

## Chemba na kuta

12. Kuna doa jeupe moja chini ya bana, sehemu nyingine zote ni nyekundu tu. Tatizo ni nini?

Bana imeelekezwa moja kwa moja sakafuni. Mwali unapiga mahali pamoja, unageuka na kutoka nje kabla ya kuzunguka. Unachotaka ni mwali uingie kandokando, ukifuata mviringo wa ukuta, ili uzunguke chemba kama maji yanayozunguka kwenye sinki. Hamisha tundu la bana kutoka juu kabisa hadi kwenye nafasi ya namba 10 au namba 2 za uso wa saa ya ukutani, likitazama ukuta wa mbali, si kisu. Mdomo wa bana usiingie ndani ya chemba. Uishie ndani ya unene wa sufi.

Kama huwezi kutoboa upya, weka kipande cha tofali la moto jepesi chini ya mwali kiwe ngao. Kitapokea pigo la moto na kulisambaza. Si suluhisho kamili, ila kwa kufua linatosha kabisa.

13. Nyuma kunawaka vizuri, mbele ni kweusi. Au kinyume chake.

Angalia milango. Mlango ulio wazi kabisa unavujisha mng'ao wa joto na kuingiza hewa baridi, hasa pale upepo wa jioni unapopuliza uani. Panga matofali mawili ya moto mbele ya mlango ukiacha nafasi ya kisu tu, na nyuma ziba ubakishe mwanya mwembamba.

Ziba kidogo kidogo huku ukisikiliza bana. Sauti ikibadilika kutoka mngurumo thabiti hadi kukohoa, umeziba mno: moshi unarudi nyuma na kuizuia bana kuvuta hewa. Acha matofali yasimame sentimita moja au mbili kutoka mdomo wa tanuri badala ya kuyagandamiza. Joto linarudi ndani lakini moshi unapita pembeni.

Hakikisha pia moshi huo haufiki kwenye tundu la hewa la bana. Moshi una kaboni dioksidi badala ya oksijeni, na bana inayounywa hudhoofika taratibu bila sababu inayoonekana. Kipande cha bati kilichosimamishwa kati ya mlango na bana humaliza tatizo hilo.

14. Sufi imenywea na kupasuka. Inaathiri usawa wa joto?

Sana. Penye ufa joto linatorokea kwenye ganda. Angalia nje utaona rangi imeungua mahali pale pale. Sufi ya kawaida imekadiriwa nyuzi 1,260, na bana iliyoelekezwa vibaya huipita namba hiyo kwenye doa lake. Boraksi ya kuunganishia vyuma nayo huitafuna haraka.

Ondoa sehemu iliyoharibika, jaza kipande kipya, loanisha kwa silika ya maji ili ikauke na kuwa ngumu, kisha paka simiti ya kuhimili moto unene wa milimita 5 hadi 10. Mpako huu ndio unaong'aa na kusambaza joto; sufi tupu haina uzito wa kushika joto lolote, ndiyo maana tanuri lisilopakwa hupoa kila unapoingiza chuma baridi.

Na hapa naomba usikilize: sufi isiyopakwa hutoa nyuzi ndogo zinazoingia mapafuni, na ile iliyochomwa muda mrefu hubadilika ndani yake kuwa aina ya silika iliyo hatari zaidi. Unapoigusa au kuing'oa, vaa barakoa ya N95 au bora zaidi, ilowanishe kwanza, na watoto wasiwe karibu.

15. Naweza kutumia udongo wa jiko, simiti ya kawaida au mchanga na plasta?

Vigae vya ndani ya jiko la Kamukunji vimetengenezwa kwa moto wa makaa ya kupikia, si kwa nyuzi 1,200, vitapasuka. Simiti ya ujenzi huvunjika ikichomwa kiasi hicho na maji yaliyofungwa ndani yanaweza kuirusha vipande. Plasta na mchanga hushikilia siku chache kisha hubomoka. Mawe ya mto yasikaribie tanuri kabisa.

Mafundi wa kuyeyusha alumini na shaba pale Kariobangi Light Industries wanatumia matofali na simiti halisi za moto. Waulize wanakonunua, ni watu wanaojua bei na ubora wa siku hiyo.

## Kisu chenyewe

16. Tanuri limenyooka, lakini ncha inaungua huku mgongo na msuka ukiwa bado mweusi.

Ncha ni nyembamba, mgongo ni mnene. Vikikaa pamoja kwenye moto ule ule, chembamba hutangulia daima, na tanuri haliwezi kubadilisha hilo. Mikono yako inaweza.

Punguza shinikizo. Tanuri la kufulia likiwa kwenye nyuzi 1,150 haliwezi kukaza kisu sawasawa, kwa sababu ncha inapita kiwango kabla mgongo haujafika. Shusha moto hadi kuta ziwe za rangi ya chungwa hafifu na umpe chuma muda. Ingiza kisu mgongo ukielekea upande wenye moto zaidi, ukipitishe hadi ncha itokeze kwenye sehemu baridi ya nyuma, kisha kivute na kukisukuma polepole bila kusimama. Kigeuze. Msuka ukichelewa, uanze wenyewe kabla ya sehemu nyingine.

Zima taa utazame kivuli. Chuma kinapobadilika ndani kwenye joto la kukaza, kwa muda hunywa joto bila kupanda rangi, na utaona vivuli vikitembea juu ya ubapa. Sehemu ambayo kivuli kimeshapita imebadilika. Penye kivuli bado. Hakuna kifaa kinachoonyesha mabaka kwa uwazi kuliko hicho. Sumaku nayo husaidia: chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi, kwa hiyo ikigoma kushika kote, umebakisha hatua fupi tu kufika.

17. Nimesikia habari za kuweka bomba ndani ya tanuri. Linafanya nini?

Bomba la chuma lililozibwa upande mmoja huwekwa katikati ya chemba juu ya vipande vya tofali, na kisu huingia ndani ya bomba. Mwali unapiga bomba badala ya kisu, na kisu hupata joto la kutoka kuta za bomba pekee. Kwa kukaza visu vifupi naliona kuwa njia bora kuliko zote zisizo za umeme.

Tumia bomba jeusi. Bomba lililopakwa zinki litatoa moshi mweupe wenye sumu unaoleta homa kali na kifua kubana.

18. Panga langu ni refu kuliko tanuri. Nitalikaza vipi?

Fungua mlango wa nyuma na ulipitishe mbele na nyuma kwa mwendo mmoja, ukitumia kivuli na sumaku kama ilivyo kwenye swali la 16. Kwa sentimita 40 hivi inawezekana kwa subira. Zaidi ya hapo, nenda kwa mwenye tanuri refu.

## Hali zisizo za kila siku

19. Tanuri langu linatumia bloa (feni ya kusukuma hewa). Stima ikikatika katikati ya kazi?

Feni inasimama lakini gesi inaendelea kumiminika. Chemba hujaa gesi isiyoungua, na mtu akirudisha feni bila kufikiri, inalipuka. Weka vali ya umeme inayojifunga yenyewe umeme ukipotea, iwe kabla ya bana. Ikitokea, funga mtungi, toka mbali, subiri kabla ya kuwasha upya. Ukiwasha, feni hutangulia, gesi hufuata.

Kuhusu usawa wa joto, bloa ina faida moja kubwa Nairobi: mwinuko hauisumbui, kwa sababu unaongeza hewa hadi moto ukae sawa.

20. Naishi ploti. Naweza kuwasha tanuri kwenye baraza au ndani ya kibanda cha mabati?

Baraza, hapana. Kibanda, ikiwa tu pande mbili ziko wazi hadi chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa sakafuni na kwenye mitaro, ikisubiri cheche. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024 uliua watu na kuchoma nyumba, na jirani zako wana haki ya kuogopa. Monoksidi ya kaboni nayo haina harufu. Ukisikia kichwa kuuma ukiwa kazini, zima na utoke kwanza.

Mtungi ukae mita mbili au zaidi kutoka tanurini, mahali unapoweza kuufikia bila kupita mbele ya moto. Ukitaka kutumia mtungi mkuukuu kama ganda la tanuri, usiuguse kwa grainda kabla ya vali kutolewa na mtungi kujazwa maji hadi pomoni.

21. Je, ninunue themokapo (kipima joto cha waya)?

Kama unakaza visu vya kuuza, ndiyo. Chagua ya aina ya K yenye ala ndefu ya kauri au ya chuma kinachostahimili moto, kwa sababu waya tupu huliwa na mwali baada ya muda mfupi. Iingize ndani ya bomba la swali la 17, ncha yake ikiwa kando ya kisu. Ukiipachika ukutani itakusomea ukuta, na ukuta unaweza kuwa mbele ya kisu kwa nyuzi nyingi. Kisha isogeze: mbele, katikati, nyuma, ukiacha dakika mbili kila mahali, na uandike namba hizo pembeni mwa shinikizo la geji uliloandika kwa chaki.